Kibendera cha Wanafunzi

"Koplo, simama hapo hapo. Umekanyaga maktaba."

Koplo aliinua mguu mmoja juu, akabaki ameuning'iniza, mtu mzima na kitambi chake. Chini ya kiatu palikuwa na kijengo cha maboksi chenye madirisha ya plastiki, kimebonyea upande.

"Kilikuwa kimeshavunjika, afande."

"Sasa kimevunjika zaidi. Rudi nyuma, pita ukutani."

Inspekta naye alipita ukutani, sketi ameishikilia kwa mkono mmoja, macho chini. Ukumbi wa mikutano wa chuo cha ufundi ulikuwa umejaa vipande. Meza kubwa ya katikati ilikuwa imelala ubavu, na kile kilichokuwa juu yake kilikuwa kimetapakaa mpaka mlangoni: mapaa, kuta, vijiti vilivyokuwa miti, majani ya unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani. Wenyewe walikiita chuo kidogo. Kilikuwa mfano wa chuo kitakavyokuwa miaka kumi na tano ijayo, kila jengo na kila njia, na Kamati ya Mipango ilikuwa imekizunguka tangu asubuhi. Walikwenda kula mchana wakakiacha kizima. Waliporudi walikikuta hivi.

Mkuu wa Chuo alikuwa amesimama dirishani, koti limefungwa vifungo vyote. Ndiye mwenyekiti wa kamati. Nje, chini ya dirisha, wanafunzi walikuwa wakipiga kelele, na yeye alikuwa amewapa mgongo.

"Sioni cha kupeleleza hapa," alisema. "Tumemkuta binti humu peke yake, kashika paa la bwalo mkononi. Mwakilishi wa wanafunzi huyo. Nimewaita mwandike maelezo, basi."

"Taratibu, Mkuu," Inspekta alisema. Kituoni walimwita Bibi Taratibu, lakini ukimwona anasema neno hilo huku anakukazia macho, ujue umeshamkera. "Kuandika tutaandika. Jioni mnakaa tena?"

"Tunakaa. Yapo mambo mawili. La kwanza, kumsimamisha masomo. La pili, kukiondoa kiti cha wanafunzi katika kamati hii moja kwa moja. Tumewapa nafasi, wameonyesha walivyo."

"Na mpango wenyewe?"

"Umeshapita. Wajumbe wote wamekubali, na yeye mwenyewe kakubali." Akatoa leso mfukoni, akaifungua. Ndani yake palikuwa na pini ndefu ya chuma yenye kibendera cha njano kwenye kichwa chake. "Hiki ni kibendera chake. Nimekiokota sakafuni. Kamati hii haipigi kura, Bi Inspekta. Zamani watu walikuwa wanakubali ndani, wakitoka nje wanakana. Ndipo tukaweka utaratibu: kila mjumbe ana kibendera cha rangi yake, akikubali anakichomeka kwenye chuo kidogo mbele ya macho ya wote. Kikibaki kimoja nje, hakuna mpango. Hiki angalia, kina gundi na vumbi. Kilichomekwa."

"Mlimwona akikichomeka?"

"Alichomeka wakati tunakula. Halafu akawaza wenzake watamwonaje, akaona aibu, akaja kubomoa kila kitu. Hata wenzake wameshaelewa. Wasikilize."

Inspekta alisikiliza. Huko nje walikuwa wakiimba neno moja tu, msaliti, msaliti. Mkuu hakuwa amechelewa kuwatangazia habari ya kibendera. Kwa hiyo binti huyu alikuwa na mzigo wa pande zote mbili: chuo kilimwita mharibifu, wenzake walimwita msaliti, na usiku usingeingia kabla hajafungasha virago.

"Nipe hiyo pini," Inspekta alisema. "Na wewe na wajumbe wako mkakae chumba kingine. Mtu asiguse kitu."

"Mimi nilikuwa bwaloni muda wote, pamoja na wajumbe wote."

"Sijakuuliza, Mkuu. Lakini ahsante."

*

Binti aliwekwa kwenye chumba kidogo cha mapokezi. Alikuwa anasomea umeme. Alikuwa amevaa ovaroli ya karakana, bisibisi ya kupimia umeme ikichungulia mfukoni. Alisimama Inspekta alipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Paa la bwalo lilifikaje mkononi mwako?"

"Niliingia nikakuta meza imeanguka. Nikainama kuokota. Mkuu akaingia nyuma yangu."

"Kabla ya hapo ulikuwa wapi?"

"Chini, na wenzangu. Wajumbe walipokwenda kula mimi nilibaki, nikitaka kukiangalia chuo kidogo bila kelele. Wenzangu wakaniita dirishani, wakitaka kujua tumefika wapi. Nikashuka. Nilipokuwa narudi, niko kwenye ngazi, nikasikia kishindo."

"Kibendera chako?"

"Nilikiacha kwenye kisahani chake mezani. Hakiruhusiwi kutoka ukumbini."

"Wenzako uliwaambia nini?"

"Kwamba sichomeki." Alisema bila kupepesa macho. "Mpango unajenga karakana kubwa mpya na unaondoa mabweni. Yote. Mahali pake yanakaa majengo ya kupangisha. Mwanafunzi akitoka huko kwao atafute chumba mjini. Mimi mama yangu asingeniruhusu hata kupanda gari kuja hapa kama pasingekuwa na bweni. Na wa hivyo tuko wengi."

"Na sasa wanakuita msaliti."

"Wanaamini kibendera. Ningekuwa mimi huko chini, labda ningeamini pia. Ila sikukichomeka, na sitaondoka hapa nikiwa mtu aliyekichomeka. Wanifukuze kwa neno jingine, hilo sikubali."

Inspekta alimpenda kwa jibu hilo, naye hakumwonyesha. Kazi yake ilikuwa kuuliza.

"Nimesikia asubuhi mligombana. Mligombania nini hasa?"

"Mahali pa kuchomeka."

"Hebu nieleze kama unamweleza mtu mjinga."

"Kila mjumbe anachomeka kwenye jengo analolisimamia. Wa maktaba anachomeka maktaba, mhasibu ofisi yake. Sisi wanafunzi, tangu kiti hiki kianze, tulikuwa tunachomeka getini. Kama wageni wanaopita. Mimi leo nikasema, sisi hatupiti, sisi tunalala humu. Kibendera chetu kikae mabwenini. Na kama mpango hauna bweni, basi sina pa kukichomeka."

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango, alicheka kwa pua. Inspekta alimtazama, akaacha.

"Wakakubali?"

"Walibisha mpaka wakachoka. Mwisho Mkuu akasema haya, yaishe, kuanzia leo kibendera cha wanafunzi ni mabwenini, kikichomekwa getini hakihesabiki. Nadhani alitaka kwenda kula tu. Baadaye ndiyo wakagundua wamejifunga wenyewe."

"Nani alikufundisha kubishana namna hiyo?"

Kwa mara ya kwanza uso wa binti ulilegea. "Mwasisi. Tunamwita hivyo sote. Ndiye wa kwanza kukalia kiti hiki. Enzi zao wanafunzi hawakuwa na kiti popote, yeye ndiye aliyesimama mbele mpaka wakakipata. Siku hizi anafanya kazi ofisi ya mipango. Ni kama kaka yangu, yeye ndiye aliyenishika mkono nikagombea."

"Alikuwemo asubuhi mnapobishana?"

"Hapana. Alishinda karakana ya uchapaji, anasimamia vitabu vya mpango. Angekuwemo angenisaidia."

*

Walirudi ukumbini. Inspekta alipiga magoti sakafuni, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda hata kidogo, akaiweka ile pini juu ya karatasi nyeupe karibu na mwanga.

"Unaona nini?"

Koplo alichuchumaa kwa taabu. "Gundi. Na vumbi jekundu."

"Majani ya chuo kidogo ni ya rangi gani?"

"Kijani. Njia ni za kijivu." Akazungusha macho sakafuni. "Nyekundu sijaiona."

"Itafute."

Walitafuta wote wawili, yeye upande wa dirisha, Koplo upande wa mlango, wakivipindua vipande kimoja kimoja na kuvirudisha palepale. Karibu na mguu wa meza Koplo aliguna. Kilikuwa kipande cha povu gumu, kimevikwa karatasi, na juu ya karatasi vumbi laini la tofali. Pembeni yake zilisimama nguzo mbili ndogo za mbao. Geti. Katikati ya uwanja huo mwekundu palikuwa na tundu moja, na karatasi iliyolizunguka ilikuwa imebanduka na kuinuka juu.

Inspekta aligusa kwa ncha ya kidole. Gundi ilivuta bado.

"Pini ilichomekwa hapa," alisema. "Kisha mtu akaichomoa, na gundi ikiwa mbichi. Karatasi ikaja nayo."

"Basi binti. Alichomeka, akajuta, akachomoa, ikachanika, akapindua meza afiche. Ndivyo anavyosema Mkuu."

"Getini?"

Koplo alifungua mdomo, akaufunga.

"Taratibu sasa, nifuate," Inspekta aliendelea. "Binti kashinda asubuhi nzima akiwaeleza getini hapafai. Kashinda hoja. Mkuu katamka mbele ya wote kwamba getini hapahesabiki. Halafu aende peke yake akachomeke getini? Ili apate nini?"

"Labda kutuvuruga."

"Mtu wa kuvuruga hapindui meza na kusubiri akutwe ameshika paa. Nenda kwa wajumbe basi. Chukua Mkuu, chukua mhasibu, chukua yeyote aliyetaka mpango upite kwa hila. Wote walikuwemo asubuhi. Wote wanajua kibendera cha getini ni bure. Angetaka kumchomekea binti, angechomeka palipokuwa bweni, apate cha kusimamia."

Koplo alijikuna shavu. "Kwa hiyo aliyechomeka anajua utaratibu wa zamani, na wa leo haujui."

"Wakati anachomeka, hakuujua. Alipochomoa, alikuwa ameshaujua. Katikati hapo kuna mtu alimwambia. Niletee huyo aliyekitengeneza chuo kidogo."

*

Msanifu majengo aliingia akiwa na kidole gumba kilichofungwa kitambaa na gundi kwenye mikono ya shati. Koplo alimtazama kile kidole kwa hamu kubwa. Msanifu alitazama sakafu, akageuza uso.

"Kidole kimefanya nini?" Inspekta aliuliza.

"Wembe. Jana, nikikata paa la karakana."

"Asubuhi ulimfokea binti."

"Nilimfokea. Alisema nimetengeneza chuo kisicho na watu." Akavuta pumzi. "Nilikasirika kwa sababu niliambiwa niondoe mabweni wakati nimeshayajenga. Nilikuwa nimeyatengeneza mpaka kamba za kuanikia nguo. Nimeyang'oa kwa mikono yangu."

"Nani alikuwa wa mwisho kutoka mkiwa mnakwenda kula?"

"Mimi. Binti alikuwa bado amekaa. Mhasibu alipoinuka kwa hasira kiwiko chake kilikwangua uwanja wa getini, basi nikabaki kuutengeneza. Gundi mpya, vumbi jipya la tofali juu."

Inspekta na Koplo hawakutazamana. Ni mazoea ya kazi.

"Wewe ulirudi kabla ya wenzako."

"Nani kasema?" Msanifu akashtuka, kisha akaona hakuna faida. "Ndiyo, niliwahi. Nilitaka kuangalia gundi kama imeshika. Lakini sikuingia. Bi Inspekta, mimi nikivunje? Nimelala na kitu hiki miezi, mke wangu ameshaanza kunitania kwamba nina nyumba ndogo."

"Watu huvunja vyao kila siku. Kwa nini hukuingia?"

"Nilimkuta Mwasisi koridoni, anatoka upande wa ukumbini. Uso umemchangamka. Tukaamkiana, tukapiga soga. Nikampa habari ya asubuhi, maana hakuwemo. Nikamwambia binti yako leo katutoa jasho, mpaka kibendera chao kimehamia mabwenini na getini kimefutwa."

"Akasema nini?"

"Alianza kucheka, halafu kicheko kikakatika. Akasema kasahau funguo zake, akageuka haraka. Mimi nikaingia msalani kunawa gundi. Niko huko nikasikia kishindo."

"Na hili hukumwambia mtu."

"Nani aliniuliza?" Alionekana kushangaa kweli. "Halafu ni Mwasisi yule. Ukisema wanafunzi katika chuo hiki unamsema yeye. Ningemtaja ili iweje?"

"Alipogeuka, alielekea wapi?"

"Kulia. Kwenye stoo ya viti."

Inspekta alikwenda mwenyewe. Stoo ya viti ilikuwa na milango miwili: mmoja wa koridoni, wa pili unaingia moja kwa moja ukumbini, hatua chache tu kutoka ile meza. Ofisi ya mipango ilikuwa kushoto, mwisho kabisa wa korido.

*

Mwasisi aliwapokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu wa tabasamu la karibu, shati limepigwa pasi, na nyuma yake vitabu vya mpango vilikuwa vimefungwa mafungumafungu mpaka dirishani. Aliwavutia viti.

"Karibuni sana. Jambo la aibu hili. Nimekaa nawaza nitamsaidiaje yule mdogo wangu. Ni mtoto mwenye moyo, tatizo lake haraka."

"Utamsaidiaje?"

"Nitazungumza na Mkuu. Ananisikiliza. Badala ya kumsimamisha masomo, wampe onyo tu, amalize chuo chake salama."

"Na kiti?"

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Kiti, sijui. Hilo limeshakuwa gumu."

"Wewe ulikikalia. Enzi zako ulichomeka wapi?"

"Getini. Sote tulichomeka getini."

"Na ungekuwa wewe leo?"

"Leo ni mabwenini. Si ndivyo walivyokubaliana?"

"Ndivyo. Ulijuaje? Ulikuwa uchapaji."

"Nimesikia watu wanazungumza. Hapa nje, baada ya hii vurugu."

"Baada ya vurugu," Inspekta alirudia, akamtazama Koplo aandike. Koplo aliandika polepole, herufi kubwa, kama mtu mwenye siku nzima. "Msanifu anasema alikwambia yeye. Koridoni, kabla ya kishindo."

"Labda. Siku imekuwa ndefu, nachanganya."

"Anasema ulikumbuka funguo."

"Ndiyo, funguo, ni kweli." Akazitoa mfukoni, akaziweka mezani kama mtu anayelipa deni. "Nilikuwa nimezisahau hapa ofisini."

"Ofisi hii iko kushoto. Wewe ulikwenda kulia."

Mwasisi alizitazama funguo. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila lilikuwa limebaki peke yake usoni.

"Nionyeshe mikono."

"Bi Inspekta, mimi ni mtumishi wa chuo hiki na—"

"Na mimi ni mtumishi wa serikali. Nionyeshe mikono, kaka."

Aliinyosha. Ilikuwa imeoshwa vizuri, mpaka imepauka. Lakini gundi ya Msanifu haikuwa ya kutoka kwa maji. Pembeni mwa kucha ya gumba la kulia ulibaki mstari mwembamba, mwekundu.

Nje wanafunzi walikuwa wameanza upya.

"Unawasikia?" Inspekta aliuliza. "Wanamwita yeye."

Mwasisi aliirudisha mikono mapajani. "Sikutaka kumdhuru," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama, nimeihangaikia karakana ile tangu nikiwa mwanafunzi. Watu wanajifunza kwenye mashine zilizokufa. Tungepata mashine za leo, vijana wangetoka hapa na kazi mkononi. Na yule mtoto angeua karakana nzima kwa ajili ya vitanda. Nilirudi kutoka uchapaji, nikapita ukumbini, hamna mtu, kibendera kiko kwenye kisahani. Nikasema, ngoja nimrahisishie. Angerudi angekuta imekwisha. Angenuna siku mbili, baadaye angenishukuru."

"Kisha ukakutana na Msanifu."

"Getini hakihesabiki. Nikaona wataingia wakute kibendera mahali ambapo yeye asingekiweka kamwe, watauliza nani kakiweka. Nikapita stoo nikichomoe. Kikaja na karatasi. Tundu likawa hivi." Akaonyesha kwa vidole, kana kwamba ukubwa wa tundu ungemtetea. "Nikasikia mtu kwenye ngazi. Sikufikiri. Nikaishika meza."

"Uliyemsikia ni yeye."

"Sikujua ni yeye."

"Ulijua baadaye. Walipomkamata ulijua. Walipoanza kumwita msaliti ulikuwa umekaa kwenye kiti hiki, unawasikia kama tunavyowasikia sasa. Na ulichokuwa ukimtafutia ni onyo, kwa kosa lako wewe." Inspekta alisimama. Alikuwa amekasirika na hakujisumbua kuficha. "Beba funguo zako. Twende ukaseme mbele yake."

"Siwezi kuandika tu?"

"Huwezi."

*

Kamati ilikuwa imeshakaa, viti vimezunguka sakafu yenye vipande. Binti alisimama karibu na mlango. Kiti chake kilikuwa kimesogezwa ukutani, na Inspekta aliliona hilo. Kabla ya kusema lolote alikwenda akafungua dirisha, mabawa yote mawili. Kelele za chini zilipungua, kisha zikakatika, maana watu wote waliinua vichwa.

"Huyu ana neno," alisema. "Aseme kwa sauti, wa chini nao wasikie."

Mwasisi alisema. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Alipofika pale pa kuishika meza, Msanifu alifunika uso kwa mkono wake wenye kitambaa. Chini ya dirisha mtu mmoja alipiga yowe la hasira, wenzake wakamnyamazisha. Binti hakusogea. Alikuwa akimtazama Mwasisi kama mtu anayesubiri aambiwe ni utani.

Mkuu alikuwa mwepesi, hilo mpe haki yake. "Tumesikia," alisema. "Binti, tumekukosea, na nitatangaza hivyo. Kibendera hukukichomeka wewe, kwa hiyo mpango bado haujapita. Mengine sasa ni nidhamu ya mtumishi, ni mambo ya ndani. Mwakilishi atupishe kidogo nje, tukimaliza tutamwita."

Wajumbe wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa kawaida yao. Mwanafunzi hutoka, wakubwa wanazungumza, mwanafunzi anaitwa kuelezwa walichoamua.

"Sitoki," binti alisema.

"Binti—"

"Nina swali kwake. Moja tu." Akamgeukia Mwasisi. Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini sauti ilikuwa kavu. "Kaka, wewe ulichomeka siku ile walipopitisha mpango uliopita, uliofunga zahanati ya wanafunzi. Umenisimulia mara nyingi mlivyoipigania zahanati. Hukuwahi kuniambia kwa nini mwishowe ulikubali. Kwa nini?"

Mwasisi alitazama sakafu, mahali palipokuwa na geti.

"Sikukubali," alisema.

"Kibendera kilikuwepo. Sote tunajua kilikuwepo."

"Nilitoka nikanywe maji. Nikarudi nikakikuta kimechomekwa."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Walikuwa wanapiga makofi." Alisita. "Baadaye nikapewa kazi."

Inspekta hakuhitaji kuuliza nani alikichomeka; aliwatazama wajumbe wa zamani, na wote, hata wale ambao hawakutaka, walikuwa wamemgeukia Mkuu. Mkuu alikuwa anafungua kifungo cha juu cha koti lake na kidole kilikuwa kinamtereza.

"Koplo," Inspekta alisema, "funga mlango. Mkuu, usiondoke, bado ninakuhitaji."

Binti alikwenda ukutani. Alikishika kiti cha wanafunzi kwa mikono miwili, akakitazama kidogo, mgongo wake wa mbao na miguu yake minne.

"Kumbe hiki kiti hakijawahi kukaliwa," alisema.

Akakileta katikati, akakisukuma vipande vikasogea, akakaa mbele ya Mkuu.